Kesi ya Duki Jean II wa Alençon: kabla ya kuwa uhaini lilikuwa deni

Tarehe 3 Mei 1456, jijini Paris, mwanaume wa miaka 47 alikaa mbele ya majaji wa kanisa akatoa ushahidi wa kumsafisha binti aliyechomwa moto miaka 25 nyuma. Binti mwenyewe ni Jeanne d'Arc, huyu tunayemjua kanisani kama Mtakatifu Yoana wa Arc, na huyo shahidi ni Jean II, Duki wa Alençon, mtu aliyepigana bega kwa bega na Jeanne dhidi ya Waingereza waliokuwa wameikalia sehemu ya Ufaransa, ndo yule Jeanne alikuwa anamwita "duki mzuri wangu". Mwezi haujaisha huyohuyo shahidi akakamatwa humohumo Paris, kosa uhaini, kwamba amewaandikia Waingereza waje kuivamia Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, na yeye atawafungulia milango ya ngome zake. Aliyetumwa kumkamata ni Dunois, mwenzake wa vita vilevile vya Jeanne, ambaye mwezi wa pili mwaka huohuo alishatoa ushahidi wake kwenye kesi hiyohiyo, tena Dunois ni baba mdogo wa mke wa kwanza wa Alençon.

Wengi wakisimulia habari hii wanaishia hapo, kwamba shujaa kageuka msaliti, basi. Mimi nimeisoma muda mrefu na naona wanaruka sehemu kubwa. Ukiifuata pesa tangu 1424 unakuta kisa kingine kabisa, kisa cha deni ambalo mtu alilibeba kwa ajili ya ufalme na ufalme haukuwahi kulirudisha. Simtetei, alikuwa na hatia na ushahidi upo. Ila kujua mtu ana hatia haikuambii kwa nini alifika pale, na hapa ni vizuri tukajua.

Kwanza tumjue ni nani. Alençon iko kusini mwa Normandy, mpakani na Maine, na ilianza kama kaunti iliyoshikwa na familia ngumu sana za mpakani, akina Bellême na Montgomery, hao walikuwa wanachinjana na kila jirani. Ule ukoo ulipokatika mwanzoni mwa miaka ya 1200 kaunti ikaangukia mikononi mwa mfalme Philippe Auguste, halafu wafalme wakawa wanawapa wadogo zao na watoto wao ambao hawatarithi taji. Pierre, mtoto wa mfalme Louis IX, alipewa 1269, akafa bila mrithi 1284. Baadaye ikaenda kwa Charles wa Valois, kaka wa mfalme Philippe IV, na kutoka kwake ndo tunapata mstari wa huyu wa kwetu. Kwa hiyo Alençon ni damu ya kifalme kabisa, ukoo uleule wa Valois uliokalia kiti kuanzia 1328.

Na hiyo damu ilimwagika kweli. Babu mzaa babu yake, Charles II wa Alençon, aliuawa kwenye vita vya Crécy na Waingereza 1346 akipigania kaka yake mfalme Philippe VI. Babu yake, Pierre II, baada ya mkataba wa Brétigny wa 1360 alipelekwa Uingereza kukaa rehani ili mfalme Jean aliyetekwa aachiwe. Baba yake, Jean I, ndo aliyepandishwa cheo, kaunti ikawa uduki mwaka 1414, na hakuufaidi hata mwaka mzima vizuri kwa sababu tarehe 25 Oktoba 1415 aliuawa kwenye vita vya Agincourt, na inasimuliwa kwamba alifika karibu kabisa na mfalme wa Uingereza, Henry V, mwenyewe kabla hajaangushwa. Kijana wake Jean II alikuwa na miaka sita tu. Miaka miwili baadaye, 1417, Henry V akaja akaichukua Alençon yenyewe, na baadaye Waingereza wakampa cheo cha uduki wa Alençon mtu wao, John wa Bedford. Fikiria mtoto anakua akiitwa duki wa mahali ambapo adui analala kwenye kitanda cha baba yake.

Sasa njoo kwenye tarehe ambayo mimi naiona ndo chanzo cha kila kitu: 17 Agosti 1424, vita vya Verneuil. Jean ana miaka 15. Jeshi la Ufaransa na Waskoti waliokuja kuwasaidia linapigwa vibaya, Waskoti wanakufa kwa maelfu, na kijana anachukuliwa mateka na kupelekwa kufungwa Le Crotoy, ngome ya pwani ya Picardy. Waingereza wakamwekea dili mezani: mtambue mfalme wetu, utoke. Akakataa. Naomba hili lisipite haraka, kijana wa miaka 15, baba kafa, ardhi imeshachukuliwa, hana cha kupoteza akisema ndiyo, na akasema hapana akakaa ndani miaka.

Bei aliyowekewa ya kukombolewa ilikuwa saluts 200,000, sarafu za dhahabu. Hiyo ni pesa ya kutisha kwa mtu ambaye mapato yake yote ya Normandy yanaliwa na adui. Utaratibu wa vita wakati ule ulikuwa hivi: mateka mwenye cheo ni mali, anayemshika anataka pesa, na anayelipa ni mateka mwenyewe na familia yake. Mfalme anaweza kusaidia akitaka, halazimiki. Na mfalme wakati huo, Charles VII, alikuwa hana hata taji, anaishi kusini mwa mto Loire akidharauliwa, kwa hiyo msaada wa maana haukuja. Jean akaacha watu rehani, akakopa, akauza. Alichouza kikubwa kuliko vyote ni Fougères.

Fougères ni mji wenye ngome mpakani mwa Brittany na Normandy, ngome kubwa ya mawe ambayo ipo mpaka leo ukienda Brittany, na ilikuwa mali ya familia yake. Aliyeinunua ni mjomba wake, Jean V, Duki wa Brittany, kaka wa mama yake Marie. Mjomba! Mtoto wa dada yako yuko kifungoni, anatafuta pesa atoke, na wewe unaitumia hiyo shida kununua ngome uliyokuwa unaitamani kwa mpaka wako. Alençon hakuwahi kuisahau Fougères mpaka anaingia kaburini, na ukisoma malalamiko yake ya baadaye ndo jina linalorudi kila mara.

Alitoka kifungoni muda mfupi tu kabla Jeanne hajafika Chinon, alipokuwa mfalme, mwanzoni mwa 1429. Yeye mwenyewe alisimulia kwenye ule ushahidi wa 1456 kwamba alikuwa anawinda kware huko Saint-Florent karibu na Saumur, mtu akamjia na habari kwamba kuna binti kaja kwa mfalme anasema katumwa na Mungu kuwafukuza Waingereza, akapanda farasi akaenda kesho yake. Jeanne akauliza huyu nani, akaambiwa, akamkaribisha kwa furaha kwamba damu ya kifalme ikizidi kujumuika mambo yatazidi kuwa mazuri. Baada ya chakula alimwona anakimbia na mkuki akampa farasi.

Halafu kuna kipande ambacho mimi kinanigusa sana kwa sababu ya hili suala la deni. Mke wake, Jeanne wa Orléans, alikuwa na hofu kumwachia mumewe aende tena vitani, akamwambia Jeanne d'Arc kwamba ndo kwanza ametoka kifungoni na pesa nyingi mno zimetumika kumtoa. Jeanne akamjibu asiogope, atamrudisha mzima, kama alivyo au zaidi ya alivyo. Miaka 27 imepita, anatoa ushahidi wa mambo ya Mungu na vita na miujiza, na bado ile habari ya pesa iliyomtoa ndani imo kichwani mwake anaitaja.

Mwaka 1429 ulikuwa mwaka wake. Baada ya mji wa Orléans kukombolewa kutoka mikononi mwa Waingereza waliouzingira, mfalme alimpa yeye uongozi wa jeshi la kusafisha Loire. Kule Jargeau, tarehe 12 Juni, alisita kushambulia, Jeanne akamuuliza duki mzuri unaogopa, hujui nilimwahidi mkeo nitakurudisha mzima? Tena hapohapo Jargeau Jeanne alimwambia ahame pale aliposimama la sivyo ule mzinga wa mjini utamuua, akahama, na muda si mrefu bwana mmoja akauawa palepale. Tarehe 18 Juni ikaja Patay ambapo jeshi la uwanjani la Waingereza lilivunjwa. Tarehe 17 Julai, kanisani Reims, mfalme anatawazwa, na aliyempa Charles VII ushujaa wa knight asubuhi ile kabla ya kupakwa mafuta ni huyu Alençon. Mkono wake ndo ulihusika kumfanya Charles awe mfalme kamili, hilo ukilishika utaelewa baadaye uchungu unatoka wapi.

Ila Septemba shambulio la Paris likashindwa na jeshi likavunjwa huko Gien. Alençon aliomba aende na Jeanne Normandy, maana Normandy ndo kwao, ndo ardhi yake inakaliwa, na watu wa mfalme wakakataa. Jeanne akapelekwa kwingine, akatekwa 1430, akachomwa Rouen 30 Mei 1431. Hawakuwahi kupigana pamoja tena.

Kuanzia hapo maisha yake ni ya mtu anayezunguka kudai. Septemba 1431 alimteka Jean de Malestroit, askofu wa Nantes na kansela wa Brittany, yaani mkono wa kulia wa mjomba wake, akamfungia Pouancé. Sababu? Mahari ya mama yake, kile kiasi ambacho nyumba ya Brittany iliahidi kumtoa nacho Marie kwenye ndoa, kilikuwa bado hakijalipwa chote. Mjomba akaja na jeshi kuizingira Pouancé Januari 1432, mama akiwa ndani ya ngome na kaka yake nje na mizinga. Ikamalizwa kwa mapatano, na Fougères haikurudi. Mwaka huohuo 1432 mkewe akafariki. Alioa tena 1437, Marie wa Armagnac, kutoka ukoo mwingine mkubwa wa kusini ambao nao ulikuwa na matatizo yake na mfalme.

Mwaka 1440 aliingia kwenye uasi wa mabwana wakubwa dhidi ya Charles VII, ule ulioitwa Praguerie, pamoja na Duki wa Bourbon na hata Dunois kwa siku chache, na mbele yao wakamweka mrithi wa kiti Louis, kijana wa miaka 16 ambaye Alençon ndo baba yake wa ubatizo. Uasi ukazimwa ndani ya miezi, wakasamehewa, lakini msamaha wa mfalme wa namna ile unakuacha hai tu, haukurudishi ndani. Tangu hapo Alençon hakuwa mtu wa karibu tena. Ukiangalia nani anakaa kwenye baraza la mfalme miaka ya 1440, ni watu wengine.

Halafu inakuja 1449 na hapa ndo inauma. Waingereza kupitia kapteni wao François de Surienne waliivamia Fougères usiku wa Machi 1449 wakati wa mapatano ya kusimamisha vita, na hicho ndo kikawa kisingizio cha Charles VII kuanzisha vita vya mwisho vya Normandy. Fougères hiyohiyo! Ndani ya mwaka mmoja na kidogo Normandy yote ikarudi, vita vya Formigny vikapigwa 15 Aprili 1450. Alençon alipigana, akaingia tena mjini kwake 1449 baada ya miaka 32, akiwa na miaka 40. Fougères nayo ikakombolewa ndani ya vita hivyohivyo, na ikarudi kwa nani? Kwa Duki wa Brittany. Kisheria ni sawa, iliuzwa na hati ipo. Ila kwa mtu aliyeiuza ili asimsaliti mfalme huyu anayeshinda sasa, naelewa kabisa kwamba alihisi amepigwa mara mbili.

Na kile alichorudishiwa kilikuwa kimechakaa. Nchi iliyopiganiwa miaka 30 haina wakulima wa kutosha, vinu vimebomoka, kodi za ubwana hazikusanyiki, na upande wa pili mfalme anazidi kukusanya kodi yake na ana jeshi lake la kudumu tangu 1445 ambalo halihitaji tena mabwana kama Alençon waje na watu wao. Hili nadhani ndo kubwa kuliko yote. Mwaka 1429 Charles alimhitaji. Mwaka 1455 hamhitaji hata kidogo, na mtu ambaye hahitajiki hana namna ya kudai.

Ndo akawaandikia Waingereza.

Kipindi chenyewe ukikiangalia utaona hakuwa mjinga. Uingereza ilikuwa inagawanyika, Richard, Duki wa York, ameshinda vita vya St Albans Mei 1455 na anashika madaraka. Waingereza walikuwa wameipoteza Bordeaux 1453 tu juzi, na Gascony, eneo linaloizunguka, bado wapo wanaowapenda Waingereza. Shemeji yake, Jean V wa Armagnac, alikuwa amefukuzwa kwenye ardhi yake na majeshi ya mfalme mwaka huohuo 1455. Mrithi Louis yuko mbali Dauphiné, hasemezani na baba yake. Ukiwaza kama mtu mwenye hasira unaona mfalme amezungukwa na watu wenye kinyongo na anayekosekana ni wa kuanzisha. Alençon akatuma watu wake kwa siri, mmoja wao padri kutoka Domfront, ujumbe ukienda kwa York: shukeni Normandy, mtapata ngome zangu na mizinga yangu, watu wa huku wamechoka na kodi watawapokea, na mimi nipeni pesa na ardhi kwenu Uingereza.

Na hapa ndo siwezi kumtetea hata nikitaka. Malalamiko dhidi ya mfalme ni jambo moja, kuwarudisha Normandy watu waliomuua baba yako na kukaa kwenye ardhi ya watu wako miaka 32 ni jambo lingine. Wakulima wa Alençon na Domfront ndo kwanza walikuwa wanapanda tena, wao Fougères iliwahusu nini? Hawapo popote kwenye hesabu zake. Deni lilikuwa lake, na alitaka kulilipa kwa nyumba za watu wengine.

Mpango ulivuja kupitia mmoja wa wabebaji barua. Barua ikafika kwa mfalme badala ya kwa Waingereza, na mfalme akasubiri kidogo, akakusanya ushahidi, na duki alipokuwa Paris kwa ajili ya ile kesi ya Jeanne, Dunois akatumwa. Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Agosti 1456, mrithi Louis akakimbia kwenda kujificha kwa Duki wa Burgundy. Sisemi alikuwa ndani ya mpango wa Alençon, ila kwa Charles VII ilikuwa lazima aone vitu viwili hivyo kama kitu kimoja.

Kesi yenyewe ilichukua zaidi ya miaka miwili kusikilizwa na sababu ni ya kisheria. Alençon alikuwa mmoja wa wakuu wa ngazi ya juu kabisa wa ufalme, wale ambao wana haki ya kuhukumiwa na wenzao mbele ya mfalme, huwezi kumpeleka kwa jaji wa kawaida. Mfalme akaitisha kikao Montargis Juni 1458, kikahamishiwa Vendôme kwa sababu ya tauni na hofu kwamba Waingereza wanaweza kushuka pwani. Kikafunguliwa Agosti. Kuna picha ndogo iliyochorwa na Jean Fouquet, ipo maktaba ya München, inakionyesha kikao hicho: mabenchi yamepangwa kwa umbo la almasi, mfalme kwenye kona ya juu kabisa chini ya mwavuli wa kitambaa, wakuu wa dini upande mmoja, mabwana upande mwingine, na chini kabisa watu wa kawaida wanasukumana na walinzi ili wachungulie. Ukikaa nayo unaelewa kwamba kile kikao kilikuwa ni cha kuonyesha pia, mfalme anawaonyesha mabwana wote kwamba sasa damu ya kifalme inaweza kukaa kwenye kiti cha mshtakiwa.

Waliokuwepo na wasiokuwepo wanasema mengi. Duki wa Burgundy, Philippe, hakuja, akatuma wajumbe waombe huruma. Duki wa Brittany kwa wakati huo alikuwa Arthur wa Richemont, ambaye naye ni mjomba wa Alençon na ndo konstabo wa Ufaransa, yaani mkuu wa majeshi ya mfalme, alifika Vendôme ila hakutaka kukaa kama hakimu chini ya mfalme kwa cheo chake cha Brittany, na alimwombea mpwa wake. Duki wa Orléans, Charles yule mshairi, alikuwa baba mkwe wa zamani wa mshtakiwa na alikaa mateka Uingereza miaka 25 baada ya Agincourt, kwa hiyo pale ukumbini hakuna aliyejua kifungo na bei ya kutoka kama yeye, na alisimama akashauri asiuawe, awekwe mahali ambapo hawezi kudhuru. Askofu mkuu wa Reims, Jean Juvénal des Ursins, naye akaomba rehema, na aliyesoma hukumu ni kansela Guillaume, mdogo wake huyo askofu.

Hukumu ilitoka 10 Oktoba 1458: amepatikana na hatia ya uhaini, auawe, mali zote zitaifishwe, utekelezaji wa kifo usubiri mfalme atakavyopenda. Kwa heshima ya waliomwombea, hasa mjomba wa Brittany, mke na watoto wakaachiwa kaunti ya Perche na mali zinazohamishika, isipokuwa mizinga na silaha, hizo mfalme akachukua. Alençon, Domfront na Verneuil zikaenda kwa taji. Verneuil, palepale alipotekwa akiwa na miaka 15. Yeye akapelekwa kufungwa kwenye ngome ya Loches.

Ukiniuliza mimi, kwenye hatia kikao kilikuwa sahihi, na kwenye kifo kilifanya vizuri kusita. Nina swali kwenye ardhi. Mfalme aliyeshindwa kumkomboa mtu huyu miaka ya 1420 ndo anaondoka na uduki wake wote 1458, pamoja na ngome za mpakani alizokuwa anazihitaji. Sisemi alipanga, sina ushahidi wa hilo na sidhani kama upo. Ila Charles VII alikuwa na miaka karibu 20 ya kumtuliza huyu ndugu yake kwa bei ndogo, cheo fulani, mchango kwenye deni, hata kumsemea kwa Duki wa Brittany kuhusu Fougères, maana 1449 alikuwa na nguvu ya kusema na akasikilizwa. Hakufanya. Serikali inayokwepa kulipa madeni yake ya vita kwa watu waliosimama nayo siku mbaya inakuja kulipa kwa njia nyingine, na Ufaransa ilikaribia kulipa kwa Normandy.

Kama ni kulinganisha, ni kama familia inayomwachia mtoto mmoja alipe hospitali ya baba peke yake kwa kuuza shamba lake, halafu baba akipona shamba la ukoo wanagawana wengine. Atakayekuja kuchoma nyumba ana kosa, lakini kikao cha ukoo hakiwezi kuongelea kiberiti tu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Charles VII alikufa Julai 1461, Louis XI akaingia, na mtoto wa ubatizo akamtoa baba yake Loches kabla mwaka haujaisha, akamrudishia uduki kwa masharti. Ungetegemea mzee atulie. Hakutulia, aliwaandama watu waliotoa ushahidi dhidi yake, na 1465 akaingia kwenye muungano wa mabwana waliompiga vita huyohuyo Louis aliyemwachia. Hapa uchungu wa Fougères haumtetei tena, hii ilishakuwa tabia. Louis naye hakuwa mtu wa kusahau. Alençon akakamatwa tena, safari hii hakuna picha nzuri ya mabenchi wala wajomba wa kuombea, kesi ikaenda Parlement, mahakama kuu ya Paris, na 18 Julai 1474 akahukumiwa kifo kwa mara ya pili. Hakuuawa. Akafungwa Louvre, na akafa Paris 1476.

Mwanawe René alirithi jina na mashaka ya mfalme kwa pamoja. Mwaka 1481 Louis XI alimkamata akidhani anataka kukimbilia Brittany, akamweka kwenye kizimba cha chuma huko Chinon kwa miezi, Chinon ileile ambayo baba yake alimkuta Jeanne. Charles VIII alipoingia 1483 akamrudishia haki zake. Mjane wa René, Marguerite wa Lorraine, aliiendesha Alençon vizuri kuliko wanaume wote watatu kabla yake, akalipa madeni ya nyumba, kisha akaingia utawani Argentan, na kanisa likamtangaza mwenye heri 1921. Mtoto wao Charles alifariki 1525 muda mfupi baada ya kushindwa kwenye vita vya Pavia, hakuacha mtoto, na uduki baadaye ukarudi kwa taji.

Fougères ilibaki Brittany.